Inalia Namna Gani?

Kwenye garaji ya Mzee Rachidi, huko Cibitoke, mtaa wa Bujumbura, boneti haikufunguliwa kabla mwenye gari hajafungua mdomo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na haikuwa na msamaha kwa tajiri wala maskini. Ungefika na gari lako linakohoa, ungeteremka, ungeanza kueleza kwa Kifaransa safi kwamba kuna kelele upande wa kushoto, na mzee angekukatiza kwa mkono uliojaa grisi.

"Sikuuliza iko wapi. Nimeuliza, inalia namna gani?"

Basi ulilazimika kulia kama gari lako. Mbele ya mafundi, mbele ya muuza vocha na mama wa sambusa, mbele ya wapita njia waliokwisha kuzijua saa za mchezo wakaja kuegemea ukuta. Mkurugenzi na tai yake shingoni angetoa "kwaru-kwaru" ya aibu, na mzee angesema, "Rudia! Sikusikia." Mkurugenzi angerudia kwa nguvu, jasho likimtoka, na ua mzima ungeangua kicheko. Wako watu wazima waliotoka pale wakaenda kuuza magari yao kuliko kurudi.

Lakini tusimwonee. Masikio alikuwa nayo. Miaka arobaini alikuwa akisikiliza midomo ya watu, na alikuwa na elimu yake aliyoisomea hapo hapo kwenye vumbi: kitu kidogo kinalia i, kitu kikubwa kinalia o. Bolti inasema ti, giaboksi inasema go. Kitu kilicholegea kinarudia neno lake mara mbili, na kilichokatika hulisema mara moja tu, kacha, kikanyamaza. Wala hakubagua lugha. Mama mmoja wa Kijapani aliyekuwa akikaa Kinindo alikuja siku moja, Kiswahili hana, Kifaransa cha kuombea maji. Huyo hakuona haya hata chembe. Alisema "korokoro", kisha akatikisa kichwa na kidole pamoja: siyo "gorogoro", ni "korokoro". Mzee akainama, akatoa nati moja ndogo iliyokuwa ikibingirika ndani ya kifuniko cha gurudumu. "Ingekuwa gorogoro," aliwaambia mafundi wake, "ningetafuta jiwe." Na yule mfanyabiashara wa Togo aliyekuwa akingoja mzigo wake bandarini, aliposema gari lake linakwenda "gblulu-gblulu" huku akiyumbisha mabega kama nyati, mzee alitaja spiringi zilizokufa kabla mtu hajamaliza kuyumba.

"Mudomo ni moja dunia nzima," alipenda kusema. "Mutu anadanganya na maneno. Na sauti hawezi."

Hiyo ilikuwa elimu yake. Ubaya wake ulikuwa kwenye majina. Mtu akilia vibaya, ile sauti yake ilikuwa jina lake, na mzee akishakupa jina hata mvua haikulifuta.

Gélase aliteremka mjini kutoka Mwaro akiwa na miaka ishirini na saba, anaendesha teksi isiyo yake, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alikuwa mtu wa haya, mmoja wa wale wanaosema samahani kwa mlango waliojigonga nao. Siku ya kwanza alipoulizwa swali la mzee, alitazama viatu vyake.

"Mi siwezi, mzee."

"Gari inaweza, we huwezi?"

Gélase akafumba macho, akajaza mashavu hewa, akatoa alichoweza. "Fyoko-fyoko-fyoko." Mate yakaruka. Moubarak, mziba pancha, aliketi chini kwa kicheko. Mzee mwenyewe hakucheka. Alimzunguka taratibu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akasema: "Hiyo si gari. Hiyo ni we mwenyewe. Fyokofyoko, karibu Bujumbura."

Jina lenye fyo ndani yake halivai suti. Linasikika limelowa, limelegea, halina mfupa. Hata asiyekujua akilisikia anajua cha kufanya nalo, anacheka. Lilimtangulia Gélase kwenye kituo cha teksi, likamngoja sokoni, likaingia nyumbani kwake. Mkewe Concilie akawa mama Fyoko. Binti yake Elsa alirudi kutoka shuleni siku moja akauliza kama Fyoko ni jina la babu yao. Babu huyo alipokufa, mtu alisimama kituoni akatangaza, "Jamani, Fyoko amefiwa na baba," na madereva waliokwenda kutoa pole walikwenda wamebana midomo. Hayo Gélase aliyaona. Alipokea pole moja moja, akashukuru, na tangu siku hiyo kitu ndani yake kikakaza ndi.

Miaka kumi na miwili alibebeshwa jina hilo. Mtu mmoja tu katika ule ua ndiye aliyemwita Gélase, naye ni Mwanne, mke wa mzee mwenyewe, mwanamke mfupi wa maneno machache aliyekuwa na meza ya mboga nje ya ukuta wa garaji.

"Baba Ilias," alikuwa akimwambia mumewe, "mutu ana jina. Mama yake alimupa."

"Jina ya mama yake hainilii kwa masikio," mzee alikuwa akimjibu, na mafundi walicheka hapo pia.

Mwaka jana, asubuhi moja akitoka kutawadha, Mzee Rachidi alianguka pu. Kiharusi. Alipoamka hospitali upande wake wa kulia ulikuwa si wake tena: mkono umekauka kau, mguu unaburutwa, mdomo umevutwa chini. Na maneno yote yalikuwa yamekwenda. Fundi aliyewaliza watu wazima kwa ulimi wake alibaki na sauti moja tu. "Blo." Akitaka maji, blo. Akitaka kwenda haja, blo. Akitaka kumtaja Mungu, ilikuwa hiyo hiyo. Kila alfajiri, kabla Mwanne hajaamka, alijaribu i. Aliivuta midomo kwa vidole vya mkono wa kushoto, akaishikilia, akasukuma pumzi. Ilitoka o.

Masikio alibakiziwa mazima. Kama ilikuwa rehema, mtaona wenyewe.

Mwanawe Ilias aliirithi garaji. Ilias alikuwa na mikono mizuri lakini sikio hana. Alichokuwa nacho ni ile elimu ya baba yake, aliyoikariri kama mtoto anavyokariri madrasa. Kila asubuhi alimweka mzee kwenye kiti cha plastiki langoni, na mchezo ukaendelea bila yeye. Sasa aliyeuliza inalia namna gani alikuwa Moubarak, na Moubarak hakuuliza ili ajue, aliuliza ili acheke. Mzee, kitini pake, mabega yakimtikisika, alicheka nao. Hakuwa amejifunza kitu. Hilo lazima lisemwe.

Kila Alhamisi Mwanne alipanda Bugarama kununua karoti na kabeji za mlimani, kwa teksi yoyote iliyokuwa na nafasi. Alhamisi moja teksi ilikuwa ya Gélase. Aliingia nayo uani saa tatu, akatembeza polepole kupita kiti cha mzee.

Ting'i... ting'i... ting'i.

Mzee Rachidi aliinua kichwa. Gurudumu la mbele, kushoto. Sauti ndogo, kavu, ya baridi, mara moja kila gurudumu likizunguka. Gélase alipokanyaga breki, ikanyamaza. Mzee hakuhitaji kuambiwa na mtu. Ilikuwa bolti inayoshika breki kwenye gurudumu, imejifungua karibu yote, imebaki kwenye uzi wa mwisho. Mjini, kwenye tambarare, ingeweza kudumu siku mbili. Lakini barabara ya Bugarama inatoka kwenye baridi ya mlimani hadi joto la ziwa kwa mteremko mmoja, kona juu ya kona, mguu haubanduki kwenye breki. Aliwahi kuwaambia mafundi wake: "Yenye kulia go itakumaliza mfuko. Yenye kulia ti itakumaliza we."

Gélase aliteremka. Alisimama kidogo, akatazama gurudumu lake, akatazama ukuta uliojaa watu, akafungua mdomo. Moubarak alikuwa amekwisha kukunja mikono na kutabasamu, anangoja. Gélase akafumba mdomo, kisha akafungua tena.

"Nipatie upepo wa tairi," alisema.

"Blo!" alisema mzee.

Watu waligeuka. Mzee alikuwa amejiinua nusu kwenye kiti, fimbo mkono wa kushoto, anaielekeza kwenye gurudumu. "Blo! Blo!" Akalipiga gurudumu kwa fimbo, mara moja, mara ya pili.

"Mzee anapiga ngoma leo," alisema muuza vocha.

Gélase alimtazama yule mzee. Aliona mdomo uliopinda, aliona uzi wa mate ukining'inia kidevuni, aliona ukuta mzima ukingoja kucheka, na kwa mara ya kwanza tangu ateremke kutoka Mwaro hawakuwa wakimngoja yeye. Miaka kumi na miwili ilimpanda kichwani. Alisogea mbele ya kiti, akachuchumaa, akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Mzee. Inalia namna gani?"

Kicheko kililipuka hadi barabarani. Moubarak aligonga kompresa kwa kiganja. "Mtenda akitendewa!" alipiga kelele. "Fyoko, mupige tena!"

"Blo," alisema mzee. Machozi yalikuwa yamemjaa jicho lile zima.

"Rudia! Sikusikia."

"Blo-o!"

"Hiyo si gari," alisema Gélase, akasimama, sauti yake imara kuliko ilivyowahi kuwa katika ua ule. "Hiyo ni we mwenyewe. Mzee Blo, karibu Bujumbura."

Ilikuwa tamu. Hakuna haja ya kusema uongo, kwa Gélase ilikuwa tamu kuliko chakula cha Krismasi, na kwa wale wa ukutani ilikuwa tamu zaidi, maana wengi wao walikuwa na majina yao pia. Ilias peke yake hakucheka. Alikuwa ametoka chini ya lori, anamtazama baba yake kwa makini.

"Ngojeni. Baba anasema o," alisema. "O ni kitu kubwa. Ni bwate." Alijilaza chini ya teksi, akakagua giaboksi, akaipapasa kwa vidole, akatafuta mafuta yanayovuja. Mzee alilia "blo" juu yake, akapiga gurudumu, akapiga gurudumu, na Ilias chini kule akajibu, "Ndiyo baba, nimesikia, kitu kubwa, minaangalia." Alitoka akijipangusa. "Bwate iko bien. Hakuna kitu. Nenda tu."

Mwanne alifika wakati huo na kapu lake tupu, akakuta mwisho wa kicheko. Hakuuliza, uso wa mumewe ulimweleza.

"Gélase," alisema. "Hata we?"

Gélase aliinamisha kichwa. "Samahani, mama Ilias. Ingia mbele, kiti ni yako."

Mwanne alimwinamia mumewe, akampangusa kidevu kwa pindo la kitenge. Mkono wa kushoto wa mzee uliruka, ukashika kile kitenge ngo. Wa kushoto ulikuwa mkono wa fundi bado.

"Niachie, baba Ilias. Nitarudi alasiri. Nitakuletea karoti, zile tamu."

"Blo."

"Mzee ana wivu!" alipiga kelele mama wa sambusa, na ukuta ukacheka upya. Mwanne mwenyewe alitabasamu kidogo, kwa haya, kama bibi harusi. Alifungua vidole vya mumewe kimoja kimoja, akavirudisha pajani pake, akavipapasa. Kisha akaingia garini.

Mzee alijirusha mbele. Kiti kilipinduka, naye akaanguka kifudifudi vumbini, bwata, na hapo hapo alipokuwa, shavu likiwa chini, aliisikia ardhini na hewani: ting'i, ting'i, ting'i, inatoka langoni, inapinda kona ya msikiti, inakuwa ndogo, hadi makelele ya mji yakaimeza. Moubarak alimwinua. "Tulia, mzee," alisema, kwa upole kweli. "Anarudi."

Simu ilikuja baada ya alasiri. Ilias aliipokea akiwa na spana mkononi. Teksi ilikuwa inateremka, imejaa kabeji na karoti hadi dirishani. Kwenye kona moja breki haikushika, wala kona haikungoja. Abiria wawili wa nyuma walitolewa hai. Dereva alivunjika mkono. Mama aliyekaa mbele alikufa fo, hakusema neno.

Walimzika Mwanne kesho yake baada ya adhuhuri. Ilias alimbeba baba yake mgongoni hadi kaburini, maana hakutaka kubaki, na kila aliyetupa udongo alilisikia lile neno lake likirudi, taratibu, bila kukoma. Siku ile hakuna aliyelitafutia maana.

Siku ya tatu ya matanga, watu wakiwa wameketi kwenye mikeka uani, Gélase aliingia. Mkono wake ulikuwa ndani ya plasta, uso umevimba. Hakujua mila za pale. Viatu aliviacha mbali kabisa, langoni kwenye barabara, akatembea peku juu ya changarawe na mabaki ya chuma. Walikuwepo wote: Moubarak, muuza vocha, mama wa sambusa, mafundi. Ilias alisimama kama anayetaka kumzuia, kisha akaketi.

Gélase alipiga magoti mbele ya kiti cha plastiki.

"Mzee," alisema. "Ilikuwa inalia hivi."

Mara hii hakufumba macho. Alifungua mdomo kidogo, akavuta midomo pembeni, akailia ile sauti mbele ya watu wote. "Ting'i... ting'i... ting'i." Ilikuwa yenyewe. Udogo wake, ukavu wake, ule mwanya wa gurudumu likizunguka. Tangu garaji ile ifunguliwe hakuna mtu aliyewahi kulilia gari lake kwa usahihi namna ile.

"Ukikanyaga fre, inanyamaza. Ndiyo hii ulisikia?"

Mzee Rachidi alitikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Mi niliisikia tangu lundi, Jumatatu ile," alisema Gélase. "Lundi nilikuja hapa, nikakuta watu wamejaa ukuta, nikarudi. Mardi nilikuja, nikarudi. Alhamisi nilikuja ju ya hiyo hiyo, mzee, si ju ya upepo. Nilikuwa nayo hapa, kwa mudomo. Nikaona Moubarak ananitazama. Nikasema, ile ya kwanza haijaisha, watanipa jina ya pili. Nikaomba upepo."

Hakuna aliyecheka. Moubarak alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mama wa sambusa alijifunika uso kwa mtandio.

Mzee alimtazama yule mtu. Kisha midomo yake ikaanza kuhangaika. Aliinua mkono wa kushoto, akaishika ile nusu iliyokufa, akaivuta juu, kama alivyofanya kila alfajiri, na watu wote waliona kwamba anatafuta neno moja tu, jina, lile alilopewa Gélase na mama yake, ambalo yeye hakuwahi kulitamka hata siku moja alipokuwa na mdomo.

"Blo," alisema.

Gélase alisogeza sikio karibu. "Rudia, mzee," alisema polepole. "Sikusikia."

"Blo," alisema Mzee Rachidi. "Blo. Blo."